Kutengeneza Mishale kwa Mikono: Kutoka Ufito Hadi Mshale Unaoruka Sawasawa

Anayeanza kazi hii hukimbilia chembe, yaani ile ncha ya mbele ya mshale. Anatafuta jiwe la kuchonga, anajikata vidole, anapata kitu chenye ncha kinachopendeza macho, halafu anakifunga kwenye kijiti chochote alichookota. Mshale wa namna hiyo haufiki mahali. Chembe duni kwenye wano zuri bado kitapiga karibu na ulipolenga, lakini hakuna chembe kinachoweza kuliokoa wano bovu. Wano ndio ule uti mrefu wa mshale, na ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu wano. Manyoya, kano na mawe vitakuja baadaye.

Kwanza elewa kinachotokea upote, yaani kamba ya upinde, unapoachiwa. Nyuma ya mshale kunasukumwa ghafla wakati chembe, kwa uzito wake, bado hakijaanza kwenda. Wano linabanwa kati ya nguvu hizo mbili na kupinda. Tena upinde wenyewe umesimama njiani, kwa hiyo mshale unalazimika kuupita ubavuni huku ukijipinda upande huu na upande ule, ukipiga mkia kama samaki, hadi utulie hatua kadhaa mbele. Wano gumu mno halipindi vya kutosha: linaugonga upinde na kutupwa kando. Wano laini mno linapinda kupita kiasi, na likizidi ulaini linaweza kuvunjika palepale mkononi. Kwa anayevuta upote kwa mkono wa kulia, mshale mgumu mno huangukia kushoto mwa shabaha na mshale laini mno huangukia kulia. Anayevuta kwa mkono wa kushoto ageuze maelezo hayo.

Ukakamavu huu unapimika bila mashine. Laza wano juu ya vigingi viwili vilivyoachana sentimita 66, ning'iniza uzito wa gramu 900 katikati yake, kisha pima katikati pamenepa milimita ngapi. Sasa chukua 300 uigawanye kwa nguvu ya upinde wako kwa kilo, ukiwa umeupima kwa mizani ya kuning'iniza hadi pale unapouvutia. Jibu ndio mnepo unaoutafuta. Upinde wa kilo 18 unadai milimita 16 au 17, wa kilo 23 unadai 13, wa kilo 14 unadai 21 au 22. Kwa upinde wa mti mmoja wenye mshikio mpana, ambao mshale lazima uuzunguke hasa, ongeza milimita mbili hadi nne, maana hapo wano laini kidogo ndilo linalopita vizuri. Usipokuwa na mizani wala rula, shika mshale unaojua kwamba unaruka vizuri kutoka kwenye upinde huohuo, ubonyeze katikati kwa kidole gumba, kisha ubonyeze ule mpya. Mkono hujifunza haraka kutofautisha.

Kutafuta fito

Malighafi ya wano ziko za aina nne: fito za vichaka, matete, mianzi membamba na mbao iliyopasuliwa. Kwa anayeanza, ninapendekeza fito bila kusita. Tete ni jepesi na limenyooka kwa asili, lakini lina uwazi ndani, kwa hiyo linadai kijiti kigumu mbele na kizibo nyuma. Mbao iliyopasuliwa inatoa mawano yanayofanana sana, ila inadai gogo lenye nyuzi zilizonyooka tangu mwanzo hadi mwisho na saa nyingi za kukwangua. Hata hivyo ni njia ya kale mno: mishale ya msonobari iliyofukuliwa Stellmoor, karibu na Hamburg nchini Ujerumani, ina umri wa takriban miaka 11,000, na mingine ilikuwa na kijiti cha mbele kilichounganishwa kwenye wano.

Fito nzuri hupatikana pale mmea ulipokatwa au kuungua ukachipua upya, au katikati ya kichaka kilichosongamana ambamo chipukizi linalazimika kupanda moja kwa moja kufuata mwanga. Hapo utapata fito ndefu zisizo na matawi. Mkole ni mmoja wa miti inayotoa fito za namna hiyo, na kwingineko duniani watu wametumia mingi mingine. Yule mtu wa kale aliyekutwa kwenye barafu ya milima ya Alps mwaka 1991, anayeitwa Ötzi, aliyeishi takriban miaka 5,300 iliyopita, alikuwa na podo, yaani mfuko wa mishale, lenye mishale 14: miwili tu ilikuwa imekamilika, na mingine kumi na miwili ilikuwa bado mawano ya fito za kichaka kiitwacho Viburnum lantana. Mawano hayo yalikuwa na urefu wa kama sentimita 84 hadi 87. Usijibane na jina la mti, basi. Pinda ufito mbichi polepole: ukirudi wenyewe ulipokuwa, unafaa, ukibaki umepinda au ukilia, uache.

Kata fito zenye unene wa milimita 10 hadi 12 upande wa shina, gome likiwemo, na urefu usiopungua mita moja. Kwa kila mishale sita unayoitaka, kata angalau fito kumi na tano. Hesabu hiyo itaonekana ya uchoyo mpaka utakapoona ngapi zinapasuka, ngapi zinagoma kunyooka, na ngapi zina mnepo usiolingana na nyinginezo. Msimu nao una neno lake: kata wakati mmea haujajaa maji, yaani kiangazi au majira ya baridi, kwa sababu ufito uliokatwa ukiwa umeshiba maji husinyaa sana na kupasuka. Acha mashina mengine yaendelee kukua. Kichaka kinachokatwa kwa kiasi kitakupa fito bora zaidi mwaka unaofuata.

Kukausha

Usimenye gome bado. Paka ncha zote mbili nta, shahamu au utomvu ili maji yasikimbilie kutokea huko, kisha kusanya fito katika mafungu na uzifunge kwa kamba imara kila baada ya kiganja kimoja. Zikibanana hivyo zinanyooshana zenyewe. Tundika fungu kivulini penye hewa, mbali na jua na moto. Kila baada ya siku chache kaza kamba, kwa sababu fito zinapungua unene na fungu linalegea. Wiki tatu au nne zinatosha kwa fito nyembamba katika hewa kavu. Penye unyevu subiri zaidi. Ukitaka uhakika, pima uzito wa fungu zima kila wiki: likiacha kupungua, limekauka.

Wapo wanaokausha karibu na moto kwa siku mbili tatu. Inawezekana, na ukiwa na shida ya mshale leo hutakuwa na njia nyingine, lakini tegemea kupoteza nusu ya fito zako kwa nyufa.

Kunyoosha

Hapa ndipo mshale unapopatikana au unapopotea. Mti ukipashwa moto kiasi cha kufikia joto la maji yanayochemka, nyuzi zake zinalegea na kukubali umbo jipya. Ukipoa, unashika umbo hilo. Mti wenye unyevu kidogo unalegea vizuri kuliko ule uliokauka kabisa, kwa hiyo wengi hunyoosha mara mbili: mara ya kwanza fito zikiwa nusu kavu, na mara ya pili mwishoni.

Menya gome kwanza kwa kukwangua, kisu kikiwa kimesimama wima kwenye ufito ili kisichimbe. Andaa makaa mekundu yasiyo na mwali. Shika ufito usawa wa jicho na uutazame kwa urefu wake huku ukiuzungusha. Kila mpindo utajitokeza. Anza na ule mkubwa kuliko yote. Paka mafuta kidogo mahali pale, hasa shahamu, ili joto lienee na mti usiungue, kisha uzungushe juu ya makaa, kimo cha kiganja, mpaka usiweze kupagusa kwa kidole kwa zaidi ya sekunde moja. Usiache pawe peusi. Mti ulioungua umekufa, na hapo ndipo utakapokatikia.

Sasa pinda kinyume cha mpindo, na pinda kupita mstari ulionyooka, kwa sababu mti ukiachiwa hurudi nyuma kidogo. Ushikilie hivyo bila kutikisika mpaka upoe mikononi mwako. Papara ya sehemu hii ndiyo inayowashinda wengi: wanaachia mti ungali wa moto, unarudi ulikotoka, wanadhani njia haifai. Mipindo mifupi, hasa kwenye vifundo, inahitaji nguvu nyingi mahali padogo. Kwa hiyo tumia kipande cha pembe, mfupa au mti mgumu kilichotobolewa tundu kubwa kuliko ufito kidogo. Ingiza ufito humo na ukitumie kama wenzo. Watu wengi wametumia meno kwa kazi hiyohiyo, na yanafanya kazi vizuri, ila meno hayanunuliwi mapya.

Matete yana utaratibu wake. Yanapinda kwenye vifundo tu, na moto wa moja kwa moja unayaunguza haraka. Chimba mfereji kwenye jiwe laini, lipashe jiwe moto sana, kisha bonyeza kifundo ndani ya mfereji huku ukizungusha. Usitumie jiwe lililotoka mtoni au lililoloa maji: mvuke uliofungiwa ndani unaweza kulipasua kwa kishindo.

Kesho yake angalia tena. Fito kadhaa zitakuwa zimerudi nyuma kidogo. Rudia, na siku inayofuata rudia tena. Ufito unaogoma baada ya mara tatu au nne uweke kando, utakufaa kwa vijiti vya mbele. Usidai unyoofu wa rula. Mpindo mrefu mwepesi hausumbui kama kona moja kali, mradi nyuma na mbele ya wano viwe kwenye mstari mmoja.

Kukwangua na kulinganisha

Upande wa shina, ambao ni mnene na mzito, ndio wa mbele. Kwa hiyo wano la ufito lina wembamba wa asili kuelekea nyuma, jambo zuri kwa sababu uzito unakaa mbele na manyoya yanapata kazi nyepesi. Kwangua mpaka ufikie milimita 9 hivi mbele na 7 au 8 nyuma. Vifundo viondoe taratibu, kwa kuwa nyuzi zimezunguka pale na kisu kinapenda kuzama. Ulaini wa mwisho unatokana na vipande viwili vya jiwe la mchanga vyenye mfereji: weka wano katikati, bana, vuta huku ukizungusha. Majani makavu ya msasa yanamaliza kazi vizuri kabisa.

Pima mnepo kila baada ya kukwangua kidogo. Katikati ndipo panapoamua: ukipunguza mti pale, mnepo unaongezeka upesi. Ulichoondoa hakirudi, kwa hiyo simama ukiwa bado na milimita moja mkononi. Panga mawano yako yote kwa mnepo na kwa uzito, kisha chagua yale yanayokaribiana. Mishale sita ya kawaida inayofanana inashinda mishale sita mizuri ambayo kila mmoja una tabia yake, kwa sababu mkono wako unajirekebisha kwa kosa linalojirudia.

Urefu unatokana na mwili wako. Vuta upinde polepole ukiwa na ufito mrefu, mwenzako aweke alama pale ufito unapopita mbele ya upinde, halafu ongeza sentimita tano hadi nane juu ya alama hiyo. Usikate mfupi. Mshale unaovutwa mpaka chembe kikaingia nyuma ya upinde utakujeruhi mkono. Kwa uzito wa mshale mzima, chukua gramu 1.4 kwa kila kilo ya nguvu ya upinde: upinde wa kilo 18 unapata mshale wa gramu 25 hivi. Chini ya gramu 1.1 kwa kilo, nguvu ambayo mshale haukuibeba inabaki ndani ya upinde, na upinde wa mti hauvumilii hilo kwa muda mrefu.

Mkato wa upote

Nyuma ya wano unahitajika mkato unaokaa upote. Kina chake ni milimita 6 hadi 8, na upana wake ni ule wa upote wenyewe, ili mshale ushike bila kubanwa: ukiuning'iniza kwenye upote usianguke, ukiupiga upote kidole uanguke. Kata kwa kibanzi chenye meno au msumeno mwembamba kutoka pande zote mbili, kisha lainisha chini yake pawe duara. Kona kali hukata upote na kuanzisha ufa.

Kama wano limetokana na mbao iliyopasuliwa, mkato upite kukingama na miviringo ya ukuaji, kamwe usifuate mstari wake, la sivyo upote utapasua mti kama shoka. Kwa fito miviringo iko pande zote, kwa hiyo haina neno. Tete linahitaji kizibo cha mti mgumu chenye urefu wa sentimita nne kilichogundishwa ndani kabla ya kukata. Katika hali zote, funga wano kwa kano chini kidogo ya mkato. Usiruke hatua hii.

Kano na gundi

Kano kavu ya mguu au ya mgongo wa mnyama ndiyo kamba bora ya kazi hii. Igonge kwa jiwe lisilo na kona, juu ya gogo, mpaka igeuke nyuzi nyeupe, kisha zichambue ziwe nyembamba. Weka uzi mdomoni au kwenye maji ya uvuguvugu mpaka ulainike na kuteleza. Gundi imo ndani yake mwenyewe: unauzungushia, unalaza mwisho chini ya kidole, unakauka na kujibana bila fundo. Adui wake ni maji, kwa hiyo ukishakauka upake utomvu ulioyeyushwa au nta. Asiye na kano atumie uzi mwembamba wa katani au wa mmea wowote wenye nyuzi imara, uliopakwa gundi. Ötzi alifunga manyoya yake kwa uzi mwembamba wa mmea na lami ya gome la mti wa birch.

Gundi ya kuyeyusha inatokana na utomvu wa msonobari au wa mti mwingine wenye utomvu unaoganda. Yeyusha taratibu katika chombo kisichokaa moja kwa moja juu ya mwali, chuja takataka, kisha kwa kila sehemu nne za utomvu changanya sehemu moja ya makaa yaliyosagwa laini na nta au shahamu kidogo. Makaa yanaipa mwili; nta inaizuia isivunjike kama kioo. Jaribu tone moja kwenye maji baridi: likivunjika kirahisi ongeza nta, likiwa laini kama ufizi ongeza makaa. Utomvu unashika moto kwa urahisi na ukikudondokea unang'ang'ania ngozi, kwa hiyo fanya kazi nje, na uwe na mfuniko karibu wa kuzimia moto.

Manyoya

Tumia manyoya ya bawa ya ndege mkubwa wa kufugwa: bata bukini, bata mzinga, hata jogoo mkubwa. Ya ndege wa porini, hasa wawindaji kama tai na kozi, katika nchi nyingi yanalindwa kisheria, hata yale yaliyookotwa chini. Sharti moja kubwa: manyoya yote ya mshale mmoja yatoke bawa la upande mmoja, la kushoto yote au la kulia yote. Unyoya wa bawa umejikunja kiasili, na mkunjo huo ndio unaozungusha mshale hewani. Ukichanganya, moja linazungusha huku na lingine kule, na mshale unapotea.

Pasua bua la unyoya katikati kwa kisu kikali, bakisha upande wenye nyuzi pana. Kwangua bua mpaka liwe utepe mwembamba unaolala bapa juu ya wano. Kata urefu wa sentimita 12 hadi 15, kisha ondoa nyuzi sentimita moja na nusu kila mwisho ili ubaki na mkia wa kufungia. Upande wa unyoya uliokuwa karibu na mwili wa ndege ndio unaoelekea chembe, na nyuzi zake zinalala kuelekea nyuma. Ukipapasa kutoka chembe kwenda mkato zinapaswa kuteleza. Zikikwama, umeweka kinyume.

Weka manyoya matatu kwa nafasi sawa, moja likitazama pembeni kabisa kutoka kwenye upinde, yaani likikingama na mkato wa upote, ili mawili yaliyobaki yapite upinde bila kukwaruzwa. Acha sentimita tatu tupu nyuma kwa ajili ya vidole. Funga mikia ya nyuma kwanza, ukiiweka mmoja mmoja chini ya kano inayozunguka. Kano ikikauka, vuta kila unyoya mbele unyooke na ufunge mikia ya mbele. Ukitaka manyoya yasiinuke, pitisha uzi mwembamba kwa mzunguko kutoka nyuma hadi mbele, ukipenya kati ya nyuzi bila kuzilaza. Kazi hii inachosha macho na haina njia ya mkato. Mwisho punguza kimo kifikie milimita 12 hadi 15. Tazama pia mkia wa mbele: usipolazwa vizuri chini ya kano na kupakwa gundi, utakuchoma mkono mshale ukipita.

Chembe

Kwa mazoezi ya shabaha, chonga tu ncha ya wano lenyewe iwe fupi na butu, uzungushe juu ya makaa mpaka igeuke rangi ya kahawia hafifu, kisha uikwangue tena. Moto unakausha na kugumisha uso, lakini ukizidisha unafanya ncha kuwa ya kuvunjika.

Mfupa unadumu kuliko ncha ya mti na ni rahisi kuliko jiwe. Chukua mfupa mrefu wa mguu usiochemshwa muda mrefu, chimba mifereji miwili kwa urefu wake mpaka upasuke kipande kirefu, kisha ukisugue kwenye jiwe la mchanga lenye maji. Maji yanaharakisha kazi na kuzuia vumbi usilotaka kulivuta. Sentimita tano au sita zinatosha.

Jiwe ni sanaa ya peke yake. Linatakiwa jiwe linalovunjika kama kioo: gumegume, obsidiani, au hata kitako cha chupa nene kwa kujifunzia. Vaa miwani ya kukinga macho, glavu na barakoa, kaa nje penye upepo, tandika ngozi nene juu ya paja. Chukua kibanzi bapa cha sentimita nne. Kwaruza ukingo wake kwa jiwe jingine mpaka upoteze ukali, kwa sababu ukingo mwembamba mno unasagika badala ya kumega. Kisha weka ncha ya pembe kwenye ukingo, sukuma kuelekea katikati ya jiwe, halafu ongeza shinikizo la kushuka chini; kigamba kirefu kitaruka upande wa chini. Geuza, rudia, mpaka ipatikane pembetatu. Mwisho mega vijipengo viwili karibu na kitako kwa ajili ya kano. Ötzi alibeba kifaa cha kazi hii: kijiti kifupi cha sentimita 12 chenye ncha ya pembe ya kulungu iliyochomekwa ndani. Chembe kidogo kinatosha kwa uzito pia, kama gramu tatu hadi sita. Vipande vya mawe vya pango la Sibudu, Afrika Kusini, vinavyodhaniwa kuwa vyembe vya mishale ya miaka takriban 64,000 iliyopita, ni vidogo sana.

Kabla ya kufungua ufa wa kuingizia chembe, funga wano kwa kano sentimita moja na nusu kutoka mwisho ili ufa usikimbie. Kata mkato wa milimita 8 hadi 10, ujaze gundi ya moto, ingiza chembe. Kabla haijaganda, zungusha mshale ncha ikiwa kwenye ukucha wa kidole gumba: chembe kikiyumba, kisogeze. Kisha funga kano kwa kukatiza kwenye vijipengo na upake gundi juu. Mshale uliokamilika wa sentimita 80 unapaswa kupata mizani juu ya kidole sentimita 6 hadi 12 mbele ya katikati yake. Sumu haina nafasi hapa. Inamdhuru anayeigusa na asiyehusika.

Kujaribu

Kabla ya kila siku ya kupiga, na baada ya kila mshale kugonga kitu kigumu, shika ncha zote mbili na upinde wano taratibu pande nne huku ukisikiliza. Likitoa mlio mdogo wa ufa, au ukucha ukikwama mahali, livunje vipande viwili palepale lisije likarudi kwenye podo. Wano lenye ufa linaweza kupasuka wakati wa kuachiwa na kuingia kwenye mkono ulioshika upinde.

Piga mara ya kwanza ukiwa hatua kumi tu, kwenye shabaha laini ya nyasi zilizokazwa, nyuma yake pakiwa na kilima au ukuta wa udongo na pasipo na mtu. Tazama mshale ulivyosimama kwenye shabaha. Mkia ukiwa umeinama upande uleule kila mara, na si kosa la mkono wako, una habari ya ukakamavu. Mshale mgumu mno ulegeze kwa kukwangua katikati au kwa kuweka chembe kizito kidogo. Mshale laini mno unaweza kuupunguza urefu, ikiwa kile kipimo cha usalama cha mbele kinaruhusu. Kama hakiruhusu, mpe mwenye upinde mwepesi.

Mshale uliovunjika

Mishale mingi huvunjika mahali pamoja: nyuma kidogo ya chembe. Usiitupe. Kata palipovunjika pawe sawa, chagua kijiti kigumu na kizito cha sentimita 12 hadi 15, kichonge kiwe na mkia mwembamba wa sentimita tatu, kisha toboa tundu lake kwenye wano. Ishi, mtu wa watu wa Yahi wa California aliyefariki mwaka 1916, alitoboa kwa kusimamisha mfupa mrefu wenye ncha kati ya vidole vya miguu na kuzungusha wano juu yake. Njia hiyo bado haijapata mbadala rahisi zaidi, kwa kuwa tundu linakwenda katikati lenyewe. Funga kano kuzunguka mdomo wa tundu kabla ya kuchomeka, tia gundi ya moto, sukuma, zungusha mshale uone kama umenyooka, kisha funga tena. Mmoja wa mishale ya Ötzi nao ulikuwa na kipande cha mbele cha mti tofauti. Ukitengenezwa hivyo, mshale huwa mzito zaidi mbele, kwa hiyo upime mnepo na mizani yake upya kabla ya kuurudisha kwenye fungu la wenzake.